Deni la Mshairi kwa Lugha Yake: Rosalía de Castro na Kigalisia

Je, mwandishi aliyeipa lugha iliyodharauliwa hadhi ya fasihi ana wajibu wa kuendelea kuitumia hata wasemaji wake wanapomgeuka? Swali hili linajitokeza waziwazi katika maisha ya Rosalía de Castro (1837–1885), mshairi wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Uhispania.

Diwani yake Cantares gallegos ilitoka mwaka 1863, baada ya karne kadhaa ambapo Kigalisia kilikuwa hakina nafasi ya maana katika maandishi. Katika dibaji alijitokeza kuwatetea watu wake dhidi ya dharau ya wageni. Follas novas (1880) ilipanua upeo: lugha ya wakulima na wavuvi ikabeba majonzi ya nafsi na upweke wa wake walioachwa na waume waliohamia ng'ambo kutafuta riziki.

Mwaka 1881 aliandika katika gazeti moja la Madrid kuhusu desturi ya kale ya kuwakirimu mabaharia katika pwani ya kwao. Alishutumiwa vikali huko Galicia kwamba amewaaibisha wenzake. Katika barua kwa mumewe, Manuel Murguía, aliapa kutoandika tena kwa Kigalisia. Diwani yake ya mwisho, En las orillas del Sar (1884), ni ya Kihispania.

Yaweza kudaiwa kwamba alikosea, kwa kuwa lugha ni amana ya wale ambao hawajazaliwa pia, na kuinyima kalamu ni kuwaadhibu wasiohusika. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau upande wa pili wa deni. Mcheza kwao hutunzwa. Rosalía alitunzwa alipocheza ngoma iliyopendwa, akazomewa alipoibadili. Ilhali aliyetetea mwaka 1863 na aliyefichua mwaka 1881 ni mtu yule yule, na wajibu wake ulikuwa mmoja: kuisema kweli ya watu wake. Jamii inayopokea sifa na kukataa ukosoaji haidai fasihi, bali utumishi.

Kwa hiyo deni lipo, ila haliwezi kudaiwa na anayemnyima mdaiwa uhuru wa kulilipa. Tangu mwaka 1963, miaka mia moja baada ya Cantares gallegos, tarehe 17 Mei huadhimishwa kama Siku ya Fasihi ya Kigalisia. Heshima hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kumtukuza mshairi aliyekwisha kunyamaza ni rahisi; mtihani wa jamii ni kumvumilia angali anasema.