Mfufuaji Asiyefufua

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Mgonjwa akiondolewa kitandani usiku wa manane, akalazwa mwingine mzima, akapewa jina lile lile na shuka lile lile, kisha asubuhi daktari akapita na kuandika "amepona", je, huyo daktari kasema kweli? Utacheka. Utasema hayo ni mambo ya vichaa. Lakini ipo kazi moja kubwa katika dunia ya leo inayoendeshwa hivyo hivyo, usiku na mchana, na hakuna anayeona ajabu.

Nazungumzia kompyuta. Siku hizi kompyuta moja ya chuma hubeba ndani yake kompyuta nyingi zisizo na mwili. Huitwa mashine pepe. Kila moja hufanya kazi kama kompyuta kamili, kumbe ni programu tu. Zikiwekwa pamoja kwa makumi na mamia, huwa kundi, na katika kundi kubwa kuharibika kwa moja si habari. Hakuna fundi wa kukesha akizihesabu. Kwa hiyo wataalamu wakatunga mlinzi.

Chukua mfano wa BOSH, programu ambayo kampuni ya VMware ya Marekani iliitoa hadharani mwaka 2012. Ndani yake, kila mashine hutuma ujumbe kila baada ya muda mfupi kusema "nipo". Ujumbe huo mafundi wanauita mapigo ya moyo. Mapigo yakikatika, sehemu moja ya programu huamka. Huiondoa mashine iliyonyamaza, huunda nyingine kwa kalibu ile ile, huipa nafasi ile ile, kisha huichomekea diski ya kudumu aliyoiacha marehemu. Sehemu hiyo wameiita Resurrector, yaani Mfufuaji.

Jina hilo ndilo lililonishika. Mfufuaji! Kwani kamfufua nani? Yule wa kwanza kaenda zake. Aliyekuja ni mwingine, karithi jina na diski.

Tuwe waadilifu lakini. Mashine pepe haina woga wala mama wa kuililia. Thamani yake yote imo katika kazi inayoifanya, na kazi hiyo mwingine anaiweza. Mafundi wa Marekani wana msemo wao kwamba seva zisifugwe kama paka wa nyumbani mwenye jina, bali kama ng'ombe wa kundini: mmoja akiugua, ondoa, leta mwingine. Mfugaji wa kwetu angewashangaa, maana kwake kila ng'ombe ana rangi yake, mama yake na hadithi yake. Lakini kwa mashine, mimi nakubali. Kubadilisha ni halali.

Hata hivyo, kuna mambo mawili yananikwaza humo humo kwenye mashine, kabla hatujafika kwa watu.

La kwanza: kimya si kifo. Tarehe 21 Oktoba 2018, huko Marekani, katika kampuni ya GitHub, ambako waandishi wa programu wa dunia nzima huhifadhi kazi zao, mafundi walikuwa wakibadilisha kifaa cha mawasiliano. Mawasiliano na kituo kikuu cha pwani ya mashariki yakakatika kwa sekunde 43. Sekunde 43 tu! Mlinzi wao wa kujiendesha hakusubiri. Alikabidhi uongozi wa hifadhi za data kwa kompyuta za pwani ya magharibi. Kumbe wale wa mashariki walikuwa hai, na walikuwa wameshaandika mambo ambayo magharibi hayakufika. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwenzake hana. Huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11, kwa sababu ilibidi binadamu wakae chini, wapatanishe polepole, data isipotee.

La pili: ukimwondoa mgonjwa bila kumuuliza, unazika ugonjwa bila kuujua. Kumbukumbu ndogo ndogo za saa za mwisho, zile ambazo hazikuwekwa kwenye diski ya kudumu, huondoka na mashine. Na kama kasoro imo kwenye kalibu yenyewe, basi unafyatua wagonjwa wapya kila siku na kujisifu kwamba unatibu.

Sasa nafika kwa watu, na hapa sisemi ya kusimuliwa. Nilipomaliza kidato cha nne nilifanya kibarua cha kubeba mifuko kwenye ghala moja hapa mjini. Kila kibarua alivaa kizibao chenye namba. Kumi na Nne alikuwa mzee mmoja mpole. Siku moja hakuja. Kufika saa mbili asubuhi nyapara alikuwa keshatoka getini, kamwita kijana mmoja kati ya waliokuwa wamechuchumaa pale, kamvika kizibao. Kazi ikaendelea. "Wewe Kumi na Nne, changamka bwana!" Kijana akaitika.

Mzee yule alikuwa akijua kwamba kidato cha tatu cha ngazi ya nyuma kimeoza. Akikiruka kila mara bila hata kutazama. Kijana hakukijua. Kabla ya mchana alikuwa chini, mguu umeteguka, na mfuko umempasukia kifuani. Kesho yake Kumi na Nne alikuwa mtu wa tatu. Keshokutwa mzee akarudi. Alikuwa amempeleka mjukuu wake hospitali. Akasimama getini kama mgeni. Hakuna aliyemfukuza kazi, jamani. Nafasi yake ilikuwa imejaa, basi.

Najua utanijibu: mizigo haisubiri, na yule kijana wa getini naye ana njaa. Kweli kabisa. Siwezi kusema kijana asipewe kazi. Ninachokataa ni kuhesabu kwamba tatizo limekwisha kwa kuwa kizibao kimepata mvaaji. Kujaza nafasi ni jambo moja. Kumtafuta aliyenyamaza ni jambo jingine, na la kwanza halilipi deni la la pili. Mtu hana diski ya kuchomoa. Alichokijua kuhusu ngazi kiliondoka naye, na hakuna aliyetumwa kwake kuuliza hata habari ya mjukuu.

Cha ajabu ni kwamba wale waliomtunga Mfufuaji walijua wasiwasi huu. Walimwekea mpaka. Usipobadilisha mipangilio yake, mashine zikinyamaza tano au zaidi, na zikawa zimefika sehemu moja ya tano ya kundi, yeye huacha kufufua. Mantiki yake ni nzuri: wakinyamaza wengi kwa pamoja, pengine wao wazima, ila njia ya kuwasikia ndiyo mbovu. Basi simama, aitwe mtu aje kutazama. Chombo cha chuma na umeme kimefundishwa kutilia shaka masikio yake. Nyapara wetu hakufundishwa.

Mimi nasema kwa binadamu mpaka usiwe watano. Uwe mmoja. Akinyamaza mmoja, kazi yake na ishikwe na mwenzake, lakini mtu atumwe kwake siku hiyo hiyo.

Na sisi tunaoota kuandika riwaya tunalijua hili kuliko wengi. Jaribu kumuua mhusika wako sura ya tatu, kisha sura ya nne mlete mwingine mwenye jina lile lile, uendelee kama kawaida. Msomaji atafunga kitabu na kukuuliza yule wa kwanza kaenda wapi. Wewe mwenzangu, mtaani kwenu, kazini kwenu, ni nani aliyenyamaza wiki hii? Na umeshauliza?