Korbani ya Siku Hizi

Somo: Marko 7:9–13



Twasoma katika Injili ya Marko jinsi Mafarisayo walivyomjia Bwana Yesu wakinung'unika kwamba wanafunzi wake wanakula bila kunawa mikono. Bwana hakushughulika sana na mikono. Aliwauliza habari za wazazi wao. Palikuwa na desturi wakati ule kwamba mtu akiisha kutamka neno Korbani juu ya mali yake, yaani imetolewa kwa Mungu, mali hiyo haikuweza tena kuwasaidia baba na mama yake. Mzazi alilala njaa, na mwana akahesabiwa kuwa mcha Mungu. Bwana aliwaonyesha wazi kwamba kwa desturi hiyo walikuwa wameitangua amri ya Mungu.

Kwa miaka mingi tulilisoma somo hili tukidhani lawahusu watu wa kale. Mwaka jana tulitambua kuwa latuhusu sisi.

Katika ushirika wetu yuko mama mjane ambaye umri wake umepita miaka 80. Mwanawe tulimfundisha sisi wenyewe katika darasa la sita, naye alikuwa mtoto mwenye adabu. Amekuwa mtu wa maana, na kanisa lilipotaka kuezekwa upya, yeye ndiye aliyetoa mabati mengi kuliko wote. Tulimpigia makofi siku ile. Mara nyingi tulikaribishwa nyumbani kwake tukanywa chai, na kila tulipouliza habari za mama tulijibiwa, "Amelala, Mwalimu. Ni uzee tu." Nasi tuliridhika, tukaendelea na chai yetu.

Jumapili moja akina mama wawili wa Mothers' Union walikwenda kumtazama, wenye nyumba wakiwa ibadani. Walikuta mlango umetiwa kufuli kwa nje, na mama yumo ndani. Alisema nao dirishani, na hakuomba kitu ila maji ya kunywa. Baadaye mengine yakajulikana. Fedha zake za mpango wa Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo serikali humpa mzee aliyeandikishwa wa miaka 70 na zaidi, alikuwa hajapata kuzishika kwa mkono wake. Tena siku moja aliletewa karatasi atie kidole gumba, akaambiwa ni ya fedha hizo. Kumbe ilikuwa karatasi ya kuuza shamba lake la minazi. Na sehemu ya fedha za shamba hilo ndiyo iliyonunua mabati ya kanisa.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo Korbani ya siku hizi, na sisi ndio tulioipokea.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la nyumba moja. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya watu sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mmoja hivi alikuwa ametendewa vibaya katika muda wa mwaka mmoja. Tuhesabu basi wazee wanaoketi katika viti vyetu, na wale ambao viti vyao vi tupu.

Yatupasa kujua dalili, maana mzee mara nyingi hatasema. Huona haya, humwogopa aliye naye, na zaidi ya yote humpenda. Mtoto akipigwa hulia. Mzee akipigwa husema ameanguka. Kwa hiyo tuangalie. Kwanza, mwili: michubuko inayorudi, kukonda, nguo zisizofuliwa, vidonda vya kulala, dawa zilizoandikwa na daktari lakini hazikununuliwa. Pili, moyo: mzee aliyekuwa mcheshi sasa hunyamaza mwanawe aingiapo, au kila swali hujibiwa na mtu mwingine. Tatu, mali: kitambulisho, simu na kadi ya benki vimo mikononi mwa mtu mwingine, na mwenyewe hajui fedha zake zaenda wapi. Nne, kufungiwa: kila ukienda huambiwa amelala. Tano, neno la uchawi. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo pana shamba. Tusikiapo watu wakianza kumwita mzee mchawi, tusingoje lisikike mara ya pili.

Tulipoanza kuulizana la kufanya, wengine walisema kwamba Mkristo hampeleki ndugu yake mahakamani, wakatukumbusha yale ambayo Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho. Ni neno zito, wala hatulipuuzi. Lakini tulisome kwa ukamilifu. Paulo aliwakemea watu wazima wenye nguvu walioshtakiana kwa kudhulumiana, na aliwataka wapate mtu mwenye hekima kanisani wa kuwaamua. Hakumwambia mjane aliyefungiwa ndani anyamaze. Paulo mwenyewe, maisha yake yalipokuwa hatarini, alikata rufani kwa Kaisari, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume 25. Na Bwana Yesu alipotaka kutufundisha kuomba bila kuchoka, katika Luka 18, alimchukua mjane aliyemwendea kadhi kila siku akidai haki yake. Hakumlaumu mjane yule kwa kwenda mahakamani.

Wengine walisema tutavunja heshima ya nyumba ile. Twauliza, heshima ya nani? Amri ya tano yasema juu ya heshima ya baba na mama. Aliyemfungia mama yake ndiye aliyeivunja. Ambaye amfungulia mlango anaishika.

Basi, msaada upo wapi? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, bila kunyanyaswa, na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Matunzo ya mzee, basi, si sadaka tumpayo tukipenda. Ni haki yake. Iko pia Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu na jeuri ya nyumbani. Haisemi habari za mume na mke peke yao, bali huwahusu jamaa wengine pia. Nayo huhesabu kuwa jeuri si kipigo tu, bali hata kutishwa na kunyimwa mali. Kwa sheria hiyo mahakama yaweza kutoa amri ya kumlinda mtu, na asiyeweza kwenda mwenyewe aweza kuombewa na mwingine. Aliyeumizwa na apelekwe hospitali na polisi, ipatikane fomu ya P3 mapema, kabla alama hazijafutika. Na juu ya uchawi, sheria ya tangu mwaka 1925 yasema ni kosa kumshutumu au kumtisha mtu kwamba ni mchawi.

Kuhusu shamba, mzee asitie sahihi wala kidole gumba katika karatasi asiyosomewa yote, mbele ya mtu anayemwamini ambaye hana faida katika jambo hilo. Ikiwa pana hofu kwamba ardhi itauzwa, mwenye haki aweza kwenda ofisi ya ardhi kuomba iandikishwe kosheni, ili isihamishwe kabla yeye hajasikilizwa. Na ni vema kuuliza kama mwenye shamba alipata kufika mbele ya bodi ya ardhi, kwa kuwa mashamba ya kilimo yaliyo chini ya bodi hizo hayauzwi bila ridhaa yake. Mama yetu alipoulizwa swali hili alisema hakuitwa popote. Hapo ndipo mwanasheria alipoanza kuandika.

Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliweka huduma ya taifa kwa ajili ya wasio na uwezo, na lipo shirika la Kituo cha Sheria, lililoanza mwaka 1973, ambalo limewasaidia maskini wengi. Chifu na afisa wa ustawi wa jamii nao wasisahauliwe. Mzee asiende peke yake. Mtu mmoja wa kanisa aende naye, ashike karatasi zake, na amsubiri.

Kasisi wetu alipomwuliza mama kile anachotaka, alijibu, "Mimi sitaki mwanangu afungwe. Nataka mlango ufunguliwe, na minazi yangu irudi." Mlango umefunguliwa. Mama sasa analala kwa binti yake, na fedha zake huzipokea mwenyewe. Habari ya minazi ingali mahakamani. Mwanawe hajaonekana kanisani tangu hapo, nasi tumekwenda kwake mara mbili, maana yeye naye ni mwana-kondoo wa zizi hili na mwanafunzi wetu. Mara ya kwanza hakutufungulia. Mara ya pili alitutolea kiti, lakini hakusema neno. Tutakwenda tena.

Baraza la parokia bado halijaafikiana juu ya mabati. Wako wanaosema tulipokea kwa moyo safi, na hilo ni kweli. Lakini mvua inyeshapo wakati wa ibada, twayasikia juu ya vichwa vyetu, na twajua ni ya nani. Maoni yetu ni kwamba thamani yake irudishwe kwa mama yule, hata ikituchukua miaka. Mungu hahitaji paa lililoezekwa kwa njaa ya mjane.

Juma hili, wapendwa, kila mmoja wetu na aende kwa mzee mmoja ambaye hajamwona siku nyingi. Tukiambiwa amelala, tuseme, "Tutangoja aamke," kisha tuketi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemkumbuka mama yako hata ulipokuwa msalabani, utusamehe chai tuliyokunywa huku tukinyamaza. Utupe macho ya kuona, miguu ya kwenda, na ujasiri wa kusimama pamoja na walio dhaifu mbele ya wakuu. Amina.