Nani Anadaiwa Shukrani?



Asubuhi moja ya mwezi wa nne, baada ya mvua ya usiku kucha, mama mmoja ninayefanya naye kazi aliniuliza swali ambalo mpaka leo sijamaliza kulijibu. Tulikuwa kwenye maegesho ya magari ya jengo la ofisi hapa Naguru, mwanga ndiyo kwanza unatoka, tumesimama kwenye tope jekundu lililoteremka na maji kutoka juu ya kilima. Mshahara wake wa mwezi uliopita ulikuwa umechelewa siku kumi na moja. Akaniuliza kwa upole atalipwa lini. Nikampa jibu ambalo nimelisikia tangu utotoni: "Mama, tumshukuru Mungu. Wangapi wako nyumbani hawana kazi kabisa?"

Akaegemea ufagio wake. "Mimi nimeshamshukuru kwenye swala ya alfajiri, mwanangu. Wewe utamshukuru lini?"

Nilicheka kwa aibu, nikaenda kufagia kona yangu.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana wengi wenu mnaikanyaga kila siku bila kuiona. Nilianza nikiwa mwaka wa pili, nikitafuta ada, kwa mafagio mawili, koleo na toroli la kuazima. Leo tuna maegesho matatu na tuko watu watano, mimi nikiwemo. Tunaanza baada ya swala na lazima tumalize kabla magari hayajaanza kuingia. Wakati wa kiangazi tunanyunyiza maji kwanza, la sivyo vumbi linaruka na kutua palepale. Tunaanzia upande wa juu, kando ya ukuta, tukiteremsha uchafu, kwa sababu Naguru ni kilima na hakuna ufagio unaoshindana na mteremko. Penye mafuta ya injini tunamwaga unga wa mbao jioni, asubuhi tunaukomba. Ufagio tunaugeuza ili usiishe upande mmoja, na kazi ikiisha tunautundika. Ukiusimamisha kwa njiti zake, unapinda na haufagii tena. Halafu kuna kalooli, wale korongo wenye upara ambao Kampala nzima inawajua. Wakilala juu ya mti usiku, sakafu iliyo chini yake inataka maji, brashi na subira. Mvua ikinyesha tunakimbilia mitaro kwanza, kwani kavera moja likiziba tundu, maegesho yote yanageuka bwawa.

Naipenda kazi hii. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani, na mimi nalipwa kwa kufanya hivyo. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la hesabu nimeandika Alhamdulillah. Ndiyo maana lile swali liliniuma. Nilidhani shukrani ni kitu ninachokijua.

Wengi wetu tunaipenda shukrani kwa ajili ya ile ahadi iliyo katika Surat Ibrahim, kwamba anayeshukuru atazidishiwa. Sisi wafanyabiashara tunaipenda zaidi, nadhani, maana masikioni mwetu inalia kama faida. Lakini Imam Ghazali, katika Ihya, kwenye kitabu cha subira na shukrani, anaijenga shukrani juu ya mambo matatu: elimu, hali ya moyo, na amali. Ujue neema imetoka kwa nani, moyo ufurahi kwa ajili ya Mwenye kuitoa, kisha uitumie neema hiyo katika yale anayoyapenda. Nikajipima. Elimu ninayo, angalau ya midomoni. Furaha ninayo pia, hasa siku fedha zinapoingia kwenye simu. Kwenye amali ndipo nilipokwama. Neema niliyopewa haikuwa fedha tu. Ilikuwa pia watu wanne wanaoamka gizani kwa kuliamini neno langu. Kuitumia neema hiyo katika anayoyapenda Mola kunaanzia wapi kama si kwenye ujira wao? Ibn Majah amepokea hadithi inayotuamrisha kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la mama yule lilikuwa limekauka, likatoka tena, likakauka tena, siku kumi na moja.

Udhuru nilikuwa nao. Mteja mmoja alikuwa hajatulipa. Lakini wateja wawili walikuwa wamelipa, na fedha zao nilizitumia kumalizia ada yangu ya muhula kabla ya mitihani. Sikuiba. Nilijitanguliza tu, kisha nikamwambia aliyebaki nyuma ashukuru.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba neno lilelile lina hukumu mbili kutegemea linatoka kinywani mwa nani na linakwenda kwa nani. Nikijiambia mwenyewe "shukuru", hiyo ni ibada. Nikimwambia mtu anayenidai, nimemtia kufuli mdomoni, na kufuli lenyewe nimeliazima kutoka kwenye dini. Yeye akiniitikia "Alhamdulillah", kwa adabu yake, mimi nahesabu kwamba deni limepungua. Tena nilikuwa simjui ninayemwambia ashukuru. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba alikulia katika zile nyumba za estate za Naguru zilizobomolewa mwaka 2011. Anafagia chini ya magari ya wageni, mwendo mfupi tu kutoka pale ilipokuwa jiko la mama yake.

Sheria ya nchi hainisumbui sana katika jambo hili. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambayo leo mtu anaimaliza kwa rolex chache. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kulibadilisha hilo, Rais hakuutia saini. Kwa hiyo mtu kama mimi, mwenye mafagio na wafanyakazi wanne, anabaki peke yake na Mola wake na daftari lake. Wakati mwingine natamani sheria ingekuwa kali zaidi, nisiwe na nafasi ya kujadiliana na nafsi yangu.

Rafiki yangu mmoja wa darasani, tena mtu wa halaqa, aliniambia kwamba mfanyakazi mwenye kushukuru hadai. Nilifikiri sana juu ya maneno hayo, kisha nikamkumbuka Nabii Musa (a.s.) katika Surat al-Qasas. Alifika Madyan akiwa mkimbizi, akawanyweshea wanyama mabinti wawili, akaenda kukaa kivulini na kumwomba Mola wake kwa kukiri kwamba ni mhitaji. Baba wa mabinti hakusema, kijana huyu ametenda kwa ajili ya Mungu, inatosha. Alimwita amlipe ujira wa kunywesha. Kisha wakakaa wakapatana kazi ya miaka minane, au kumi kama Musa mwenyewe angependa kutimiza. Nabii wa Mwenyezi Mungu alikubaliana masharti na muda, na shukrani yake haikupungua kitu.

Na kuna yule mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume huko Madina. Bukhari na Muslim wote wameipokea habari yake. Alifariki, masahaba wakamzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alimkosa, akamuulizia, akaomba aoneshwe kaburi lake, akamswalia. Ninapoisoma habari hiyo huwa nasimama hapo kwenye kuulizia. Ili umuulizie mtu lazima uwe umezoea kumwona. Katika yale majengo matatu ninayofagia, sidhani kama kuna mwenye gari anayeweza kuwatofautisha watu wangu wanne. Na mimi je? Mpaka siku ile nilijua nani anafagia haraka na nani anachelewa. Sikujua nani analipa kodi ya nyumba tarehe ngapi.

Hata uchafu tunaoufagia una watu wake mbele ya safari. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi liliporomoka likawafukia watu, zaidi ya 30 wakafa, na miongoni mwao waliokuwa wakiishi pembeni yake. Majani na makavera kutoka kwenye maegesho yangu yalikuwa yamekwenda hukohuko kwa miaka. Nilikuwa nimeyasifu maegesho yangu kwa usafi.

Nimefanya nini basi? Kidogo. Nimeweka kando mishahara ya mwezi mmoja, haiguswi kwa ada wala kwa simu mpya. Ilinichukua muhula mzima kuikusanya, nami nililipa ada kwa kuchelewa na kuomba ruhusa ya kufanya mitihani, jambo ambalo halikunifurahisha hata kidogo. Kima chenyewe nimekipandisha, ila si kwa kiasi ninachokiona ni haki. Nikipandisha zaidi, jengo litampa kazi mtu mwenye bei ya chini, ambaye huenda akawalipa watu wake vibaya kuliko mimi. Wanaosoma uchumi miongoni mwenu watasema hilo ni soko. Sijui kama Siku ya Hesabu jibu hilo litapokelewa, nami siko tayari kulitegemea.

Mwezi uliopita yule mteja alichelewa tena. Nikalipa kutoka kwenye akiba ile, tarehe moja asubuhi, palepale kwenye maegesho. Mama alihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la leso, akaangalia juu ya mti.

"Haya, mwanangu. Lete ndoo, kalooli walilala hapa."