Keki ya Arusi na Haki ya Kipande

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Watu hutuuliza: Je, yafaa Mwislamu kukata keki katika arusi yake? Wako wasemao ni haramu, kwani ni kuwaiga makafiri. Na wako wasemao ni chakula tu, hapana la kuulizwa. Kila kundi limeshika ncha moja, na la katikati wameliacha.

Ama asili yake hatuifichi. Warumi wa kale walikuwa na ndoa iliyofungwa kwa mkate uliotolewa kwa mungu wao Jupiter. Na keki kubwa yenye mapambo ya sukari ni ada ya Wazungu. Ya Malkia Victoria wa Uingereza, alipoolewa mwaka 1840, yasemwa ilikuwa na uzito wa ratili 300. Lakini Mwislamu wa Mombasa au Unguja ashikaye kisu leo hamkusudii Jupiter, na wanavyuoni wetu wameweka kaida kuwa mambo huhukumiwa kwa makusudio yake. Unga, mayai na sukari ni halali. Mkate wa mayai twaula wala hapana aulizaye. Na kisu nacho, imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume (s.a.w.) aliletewa jibini huko Tabuk, akataka kisu, akataja jina la Mwenyiezi Mungu, akakata.

Hata mume kumlisha mkewe si aibu, kwani Mtume alimfundisha Saad bin Abi Waqqas kuwa tonge atiayo mtu kinywani mwa mkewe ina thawabu. Lililo haramu ni kumweka mke aliyejipamba mbele ya macho ya wanaume wasio maharimu zake.

Basi ubaya mwingine u wapi? U katika mgao. Kukata ni kugawanya. Kisu kipitapo katika chakula, maana yake ni kuwa chakula hiki si cha mmoja. Sasa tazama yatendekayo. Keki hukatwa mbele ya wapiga picha, vipande huitiwa wakubwa kwa majina yao, na kilichobaki hufungwa kikarudi ndani. Mama waliokaa uani na moshi wa pilau tangu alfajiri hawakuionja, na yatima wa jirani ameiona kwa macho tu.

Mtume ameeleza kuwa chakula kiovu ni cha walima waitiwao matajiri na kuachwa maskini. Na Imamu Nawawi, katika Minhaj, amehesabu katika masharti ya kuwajibika kuitika mwaliko kuwa mwenye walima asiwahusishe matajiri peke yao. Fikiri, ewe ndugu, uzito wa neno hili: mwenye kuwabagua maskini amewaondolea watu wajibu wa kumwendea!

Huenda mtu akasema: "Watu ni wengi, keki ni ndogo." Twamjibu: ikate vipande vidogo vitoshe, na isipotosha, usiikate mbele ya wasioipata. Wala usikope kwa ajili yake. Walima ya Mtume alipomwoa Bibi Safiyya ilikuwa tende, maziwa makavu na samli, wala haikupungua heshima.

Ama adabu zake ni hizi: ataje jina la Mwenyiezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na agawe bila kutazama vyeo. Mtume aliletewa maziwa, kushotoni kwake yupo Abu Bakr, kuliani yupo bedui. Alipokwisha kunywa akampa bedui, akafundisha kuwa wa kulia ndiye atanguliaye. Ikiwa Abu Bakr alingojea zamu yake nyuma ya bedui, ni mkubwa gani wa mji wetu asiyeweza kungojea kipande cha keki?

Mwenyiezi Mungu atie baraka katika arusi zetu na atuondolee kiburi katika vyakula vyetu. Amin. Wallahu aalam.