Za Ronaldo Nazo Huwa Zinabanduka?

Mwaka 2013, nilipokuwa nasubiri kwenda kidato cha tano, nilikaa miezi kadhaa kwenye kibanda cha viatu cha mjomba wangu pale Chalinze, hatua chache kutoka njia panda ambapo mabasi yanayotoka Dar es Salaam ama hunyoosha kwenda Morogoro ama hukata kulia kuelekea Segera, Tanga na Arusha. Kazi yangu ilikuwa kukung'uta vumbi, kupanga viatu kwa namba, na kusema sentensi moja. Mteja mdogo akisimama mbele ya njumu, mimi nilisema: "Hizo ndizo anazovaa Ronaldo."

Njumu zilikuja kwa viroba kutoka Kariakoo. Zilikuwa feki, na mjomba hakunificha. Alama ya kampuni ilikaa upande kidogo, gundi ilichungulia pembeni mwa soli, na ndani zilinuka plastiki mpya. Zilizokuwa na alama tuliuza shilingi 18,000. Za aina ileile, soli ileile, lakini zisizo na alama yoyote, tuliuza shilingi 12,000. Wakati ule sikuwahi kujiuliza ile 6,000 ya juu ilikuwa bei ya nini. Niliona ni biashara tu, kama vile muuza machungwa anavyoapa kwamba yote ni matamu.

Kulikuwa na mvulana wa kama miaka 13 aliyeuza vipande vya mananasi ya Kiwangwa kwenye madirisha ya mabasi. Jioni, mabasi yakipungua, alikuja kusimama mbele ya njumu moja ya rangi ya machungwa. Hakuigusa, kwa sababu mikono yake ilikuwa inanata. Aliiweka mikono nyuma kama mtu aliyeingia msikitini na kukuta watu wanasali. Siku ya tatu nikamwambia ile sentensi. Siku ya nne akaja na shilingi 500 akaniuliza kama anaweza kulipa kidogokidogo.

Nilimwandikia malipo yake kwenye mfuniko wa boksi. Aliniambia kila kifuko cha nanasi kinamwachia shilingi 50. Ilimchukua kama wiki sita. Siku aliyomaliza aliomba mfuko wa nailoni, akazitia njumu humo, akaondoka nazo bila kuzivaa. Zilikuwa za Jumapili.

Siku ya 12 alirudi. Soli ya mguu wa kulia ilikuwa imefunguka mdomo kama mamba. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikajua hata nitakachosema: kwamba duka si langu, na mjomba harudishi hela. Lakini hakudai hela. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: "Kaka, kwani za Ronaldo nazo huwa zinabanduka?"

Nikamjibu: "Inategemea unavyopiga."

Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Akasema atajirekebisha. Akaondoka na njumu yake mkononi.

Nimeshasema uongo mwingi maishani, na mwingi nimeusahau. Huu haujaondoka. Leo ni mwalimu wa sekondari, nina mshahara, nina vitabu, nina maneno ya kutosha kujitetea, na kila nikijaribu kujitetea naona nilisema uongo wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa kwamba Ronaldo anavaa viatu vile. Wa pili ulikuwa kwamba viatu vikiharibika, kosa ni la miguu yake. Wa kwanza ulimgharimu shilingi 6,000, yaani vifuko 120 vya nanasi. Wa pili sijui ulimgharimu nini, kwa sababu alikubali na kwenda nao nyumbani.

Swali langu ni hili: kati ya kijana wa kibandani anayesema "ndizo anazovaa Ronaldo" na mchezaji mwenyewe anayelipwa mamilioni ya dola kusema "hizi ndizo ninazovaa", tofauti iko wapi?

Jibu la haraka ni kwamba mimi nilidanganya na yeye anasema kweli. Ni kweli anavivaa. Lakini hata hapo pana kona. Inajulikana katika biashara hiyo kwamba baadhi ya wachezaji hutengenezewa njumu zao maalumu kwa kipimo cha mguu, na wengine wamewahi kuendelea na kiatu cha zamani walichokizoea, kikapakwa rangi ya toleo jipya ili kwenye televisheni kionekane ndicho kilichopo dukani. Toleo la juu la njumu za kampuni kubwa siku hizi linauzwa zaidi ya dola 250. Kwangu mimi hiyo ni karibu mshahara wote wa mwezi. Ndani ya bei hiyo kuna ngozi au plastiki, uzi, gundi, meli, ushuru, kodi ya duka, na kuna uso wa mtu.

Sitaki niingie kwenye hasira nyepesi inayosema hela ya matangazo ni hela chafu. Basi la kutoka Dar kwenda Chalinze linapita Kibaha, na pale Mkuza kuna shule za Filbert Bayi. Kila nikipita hapo namkumbuka kijana wa Karatu aliyekwenda Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akaongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.16. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, akaweka na rekodi ya dunia ya maili moja. Enzi zile sheria za riadha zilimtaka mkimbiaji awe wa ridhaa. Kulipwa hadharani kwa jina lake au miguu yake kungemfungia milango ya mashindano. Walioandaa mbio waliuza tiketi, televisheni ziliuza matangazo, na kampuni za viatu zilikuwa tayari zinagombania miguu ya mabingwa kwa hela za chini ya meza. Sheria haikuiondoa pesa michezoni. Ilimwondoa mkimbiaji kwenye foleni ya malipo. Leo mkataba wa kampuni ya viatu unaweza kumjengea mkimbiaji wa Iten au Arusha nyumba na kusomesha wadogo zake. Anayetaka kuufuta kwa jina la maadili aseme kwanza nani atawasomesha.

Kwa hiyo kulipwa si kosa. Tuangalie kinachouzwa.

Gofu inatusaidia hapa, ingawa Chalinze hakuna uwanja wa gofu. Mpaka ufuate barabara hadi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Ni mchezo ambao vifaa vyake vimekuwa ghali kuliko vya michezo mingi, na nyuso zake zimelipwa kuliko nyingi. Tiger Woods alisaini na Nike mwaka 1996, alipoingia gofu ya kulipwa. Mwaka 2016 kampuni hiyo iliacha kabisa kutengeneza fimbo na mipira ya gofu, ikabaki na viatu na mavazi. Mkataba wa Woods haukufa na fimbo. Uliendelea hadi Januari 2024. Fimbo iliondoka, uso ukabaki kazini kwa zaidi ya miaka saba. Sisemi hapo kuna udanganyifu; walikuwa na nguo za kuuza. Nasema inaonyesha kwamba kinachonunuliwa kwa bei kubwa si ushahidi wa fundi kwamba chombo ni kizuri. Ni imani ya watu juu ya mtu mmoja, na imani hiyo inaweza kubandikwa kwenye fimbo leo na kwenye fulana kesho.

Ila gofu hiyohiyo ina sheria moja ninayoipenda. Katika miaka ya 1930 wachezaji wakubwa walifikia kubeba fimbo zaidi ya 20 kwenye mfuko mmoja, na aliyeubeba mfuko huo begani hakuwa mchezaji. Mwaka 1938 Wamarekani wakaweka kikomo: fimbo 14, basi. Waingereza wakafuata mwaka uliofuata. Mtu unaweza kununua fimbo za bei yoyote, lakini mfuko una mwisho. Kuna mahali watu waliketi wakasema chombo kisizidi mchezaji.

Riadha nayo ilifika hapo. Mwaka 2017 watafiti walipima kiatu kipya cha mbio ndefu, chenye povu jepesi na bamba la kaboni ndani ya soli, wakakuta kinampunguzia mkimbiaji matumizi ya nishati kwa wastani wa asilimia 4. Hapo si tena suala la uso. Chombo chenyewe kinasaidia kweli. Januari 2020 Shirikisho la Riadha Duniani likatoa kanuni: soli isizidi milimita 40, bamba lisizidi moja, na kiatu kiwe kimekuwepo kwenye soko la wazi kwa miezi minne kabla ya kutumika mashindanoni. Kanuni hiyo ya mwisho nimeirudia kuisoma mara nyingi. Nia yake ni njema: asitokee mtu na kiatu cha siri. Lakini inachukulia kwamba kitu kikiuzwa, basi kipo kwa wote. Septemba 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake mjini Berlin kwa saa 2:11:53, akiwa na kiatu cha dola 500 ambacho waliokitengeneza walisema kimekusudiwa mbio moja tu ya marathoni. Kilikuwa sokoni. Hata njumu ya rangi ya machungwa ilikuwa sokoni, na mvulana mwenye mikono inayonata alisimama mbele yake wiki sita.

Yuko mtu mmoja aliyejaribu njia nyingine. Mwaka 2006 Stephon Marbury, mchezaji wa mpira wa kikapu wa ligi kuu ya Marekani, alitoa kiatu chenye jina lake kikiuzwa chini ya dola 15, wakati viatu vya nyota wenzake vilipita dola 100. Akavivaa uwanjani, mbele ya watu wote. Mtoto aliyenunua cha bei ile aliweza kusema "ndicho anachovaa" bila mtu kumcheka kwa haki. Miaka miwili baadaye maduka yaliyoviuza yakafilisika. Wapo wanaoisimulia habari hii kama ushahidi kwamba wema hauna biashara. Mimi nabaki na sehemu ya kwanza: inawezekana mtu akatoa uso wake kwa kitu ambacho anayemwamini anaweza kukinunua, na akakivaa yeye mwenyewe. Aliyefanya hivyo hakuwa malaika. Alikuwa mchezaji wa kikapu.

Narudi kwenye tofauti kati yangu na nyota. Nilitaka sana iwe kwamba yeye ndiye mwenye dhambi kubwa na mimi nilikuwa mwangwi tu wa sauti yake, kijana wa kibandani asiye na hata viatu vizuri. Kweli, bila tangazo lake sentensi yangu isingekuwa na nguvu. Ile 6,000 ilikuwa bei ya uso wake, na haikumfikia hata senti moja. Iliishia mfukoni kwa mjomba, na sehemu yake ikanunua chakula changu. Lakini yeye hakuwahi kuulizwa swali la yule mvulana, na hataulizwa. Kati yake na Chalinze kuna kampuni, wakala, meli, na kiroba cha Kariakoo. Swali lilinifikia mimi. Nilikuwa mtu pekee katika mlolongo mzima ambaye angeweza kumwambia: "Hapana, dogo. Hizi si za Ronaldo. Gundi yake mbovu. Miguu yako haina kosa." Yangenichukua sekunde tano. Pengine yangemgharimu mjomba 18,000. Niliogopa hiyo 18,000.

Kuuza ndoto ghali ni jambo la kujadiliwa, na watu wazima wanaweza kujadiliana bei. Kumfanya mtoto aamini kwamba ndoto ilipopasuka aliyepasua ni yeye, hilo sijapata upande wake wa pili. Nalisikia darasani pia, ninapokaribia kumwambia mwanafunzi aliyekosa kitabu kwamba hana bidii.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alichaguliwa timu ya shule. Akaniomba njumu, akataja na jina la mchezaji, kijana wa siku hizi. Nilikwenda Karume, nikapata za 35,000, feki, zenye alama iliyokaa upande kidogo kama zile za zamani. Kabla sijampa nilizipitisha kwa fundi viatu pale stendi ya Chalinze. Akazishona soli kuzunguka zote mbili kwa uzi wa nailoni, akanitoza 4,000.

Mtoto alizigeuzageuza, akauona uzi.

"Mjomba, ni orijino?"

"Feki," nikamwambia. "Zikibanduka niletee mimi."