Kupima na Kuhukumu

Je, mtu aweza kusema uongo kwa hesabu iliyo sahihi? Sisi twaona aweza, tena watu humwitikia upesi, kwa kuwa tarakimu huogopwa kama hakimu.

Tazameni habari za nyanda zetu za juu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2002 mkoa wa Iringa ulikuwa na watu karibu milioni 1.5. Mwaka 2012 walihesabiwa 941,238. Asiyejua angelia, akisema, "Watu wamekwisha! Ni maradhi, ama ni utawala mbaya." Kumbe, mwaka ule ule 2012 mkoa wa Njombe ulitengwa na Iringa, nao ulikuwa na watu 702,097. Jumlisheni, mtaona watu wamezidi. Vivyo hivyo Mbeya: mwaka 2012 watu milioni 2.7, mwaka 2022 milioni 2.3, kwa sababu Songwe ilitengwa mwaka 2016. Watu hawakupungua, kipimo ndicho kilichobadilika. Nani kati yetu auzaye mahindi asiyejua kwamba debe la mnunuzi si sawa na debe la nyumbani?

Hali kadhalika kura. Mwaka 2010 walioandikwa daftarini walikuwa milioni 20.1, na waliopiga kura milioni 8.6, yaani karibu 43 katika kila 100. Mwaka 2015 walikuwa 67 katika kila 100. Je, watu wa mwaka 2010 walikuwa wavivu? Labda wengine. Lakini jina la marehemu likibaki daftarini, huyo huhesabiwa kuwa raia asiyepiga kura. Na daftari la mwaka 2015 liliandikwa upya. Basi kabla ya kulaumu yatupasa kuuliza: tumegawanya kwa idadi ipi?

Kosa la pili ni kudhani kwamba mambo mawili yakienda pamoja, moja limezaa jingine. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, na mahindi hustawi wakati wa mvua; lakini hakuna amwagiaye shamba lake ulanzi. Mvua ndiyo mama wa yote mawili.

Tuweke mfano wa Mgololo, penye stesheni ya reli ya TAZARA na kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi katika miaka ya 1980. Ikionekana kwamba karibu na kiwanda wapiga kura ni wachache kuliko vijiji vya mbali, mtu atasema, "Mshahara huwasahaulisha watu nchi yao." Huenda. Lakini huenda pia wafanya kazi wengi ni wageni, majina yao yameandikwa makwao, na safari ni ndefu. Tena hesabu ya kijiji kizima haituambii ni nyumba ipi iliyokaa bila kupiga kura.

Mwingine atatujibu, "Mkitilia shaka kila hesabu, hamtahukumu kamwe, na wadhulumu watafurahi." Neno hilo ni zito. Lakini kuuliza si kunyamaza. Tuulize nani walihesabiwa, kwa kipimo gani, na kama liko jambo la tatu lililozaa yote mawili. Tukiisha kujibiwa, tuseme wazi, hata mbele ya wakubwa. Lakini amwitaye jirani yake mvivu kabla ya kuuliza hayo amemdhulumu, hata kama tarakimu zake zote ni sahihi.