Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Chomoa Kwanza



Ndugu zangu waumini wa Vihingo, leo naanza na kompyuta. Msinicheke, tutafika.

Mwaka 2019 Microsoft walitoa apdeti kubwa ya Windows 10, ile ya mwezi Mei. Kuna watu waliobonyeza, wakangoja, wakaambiwa kompyuta yao haiwezi kupandishwa. Mtu anaangalia: bando lipo, nafasi ipo, chaji ipo. Anajaribu tena, jibu lile lile. Kumbe pembeni kuna diski ya nje au memori kadi imechomekwa. Apdeti ile ingeweza kuchanganya herufi ambazo kompyuta huzitambulia diski zake, kwa hiyo Microsoft wenyewe wakaizuia. Tiba ilikuwa fupi: chomoa, anza upya. Ikimaliza, rudisha diski yako.

Sasa tujiangalie. Leo ni kumi na mbili. Daku tunakula, saumu tunafunga, tarawehe tunasimama, juzuu tunasoma. Lakini moyo uko pale pale ulipokuwa Shaaban. Tunadhani ibada ni chache, tunaongeza. Kilichochomekwa pembeni hatukiangalii.

Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba milango ya Pepo hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi, na husamehewa kila mja asiyemshirikisha Allah, isipokuwa mtu mwenye uhasama na nduguye. Hao wawili hungojwa mpaka wapatane. Hawajafukuzwa, jamani. Wamesimamishwa tu.

Na mimi niseme langu. Mimi imamu wenu niliwahi kumaliza Ramadhani nzima sisemi na ndugu yangu kwa sababu ya mpaka wa shamba la mikorosho. Nawasalisha, nawapa mawaidha ya kusameheana, nikitoka msikitini nazunguka njia ya mbali nisipite kwake. Usiku wa kuamkia Idi nikaenda kupiga hodi. Akanikaribisha, akaniletea uji. Tulikunywa, mpaka hatukuutaja. Tuliupima baadaye, wazee wakiwepo, na haki yangu haikupotea.

Basi tuelewane: kuchomoa kinyongo si kutupa haki. Dai lako la shamba, la mirathi au la deni bado ni lako. Lipeleke kwa wazee, lipeleke barazani. Kinachotakiwa kutoka ni ile chuki unayolala nayo na kuamka nayo.

Kazi ya leo ni moja. Kabla ya futari, piga simu. Unamjua ni nani. Asipopokea, mtumie salamu, umeshaanza. Usingoje usiku wa Idi kama mimi, maana hakuna kati yetu aliyeahidiwa kuufikia.

Allah azisafishe nyoyo zetu na azikubali saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.